Picha za Sherehe Zetu: Zilikotoka na Jinsi ya Kuzifanya Bora



Kamati iliyopewa kazi ya kutayarisha kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ilianza kazi yake kwa kukusanya picha. Tulifungua makabati ya ofisi, tukaomba albamu za vyama vya msingi, tukawasihi wanachama watuletee zile walizo nazo majumbani na zile zilizomo katika simu zao. Zikaja nyingi kupita tulivyotazamia. Lakini tulipozitandaza juu ya meza furaha yetu ilipungua. Katika picha za maandamano tuliona bango la mbele na vumbi. Waliolifuata bango walikuwa nukta tu. Katika picha za mikutano mikuu tuliona jukwaa, maua ya plastiki, chupa za maji, na migongo ya watu waliosimama mbele ya mpiga picha. Mgeni rasmi tulimwona mara nyingi. Mkulima tulimwona mara chache, na mara hizo chache jua lilikuwa limemtia kivuli usoni.

Katika siku hizo mama mmoja alifika ofisini. Marehemu mumewe alikuwa miongoni mwa waliobeba bango siku chama chetu kikuu kilipozinduliwa, naye alikuwa amesikia kwamba picha za siku ile zinakusanywa. Hakutaka neno lingine ila sura ya mumewe. Tulitafuta pamoja naye tangu asubuhi hata adhuhuri. Mwishowe tukaipata picha ya bango. Mikono miwili iliyolishika ilionekana waziwazi, bali uso ulikuwa nyuma ya kitambaa. Mama aliitambua mikono ile. Alishukuru, akaomba nakala, akaenda zake. Sisi tuliobaki hatukuweza kurudi kazini upesi.

Ndiyo sababu tumeona yafaa kuweka katika kitabu hiki habari fupi ya picha za maandamano na sherehe: jinsi zilivyoanza, jinsi zilivyoendelea, na mambo ambayo historia hiyo yatufunza. Hatuandiki ili kuwalaumu waliopiga picha zetu. Walijitolea, aghalabu kwa vyombo vyao wenyewe na bila malipo. Twaandika ili miaka kumi ijayo isipite kama hii.

Sanaa ya kupiga picha ilitangazwa kwa ulimwengu mjini Paris mwaka 1839. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Louis Daguerre alikuwa amepiga picha ya barabara moja ya mji ule, Boulevard du Temple, akiwa juu ghorofani. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi wengi, lakini katika picha yaonekana tupu. Kisa chake ni hiki: bamba la picha la siku zile lilihitaji kupokea mwanga kwa dakika kadhaa, na kila aliyepita hakukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuacha alama. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama kupigwa viatu vyake rangi. Laiti siku ile pangalipita gwaride lenye bendi na bendera, gwaride lote lingalitoweka, na yule mwenye viatu angalibaki peke yake.

Twaweza kusema kwamba historia yote ya picha za maandamano ni jitihada ya kumkamata mtu anayekwenda. Mtu anayeandamana huenda mwendo wa mita moja na nusu hivi kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu ya 50 ya sekunde, mtu huyo huwa amesogea sentimeta tatu kabla haijafunga, na sura yake hukorogeka. Ikifunguka kwa sehemu ya 500 ya sekunde, husogea milimeta tatu tu, na sura hutoka safi. Mabamba, filamu na lenzi ziliboreshwa mwaka baada ya mwaka mpaka jambo hilo likawezekana.

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ndogo ya sanduku iliyoitwa Brownie, ikauzwa kwa dola moja ya Marekani. Tangu hapo picha haikuwa tena mali ya mafundi peke yao. Lakini kamera ile haikuwa na kasi kubwa, wala haikuona vema penye mwanga mdogo. Kwa hiyo wenye kuitumia walifunzwa wasimame na jua nyuma ya mgongo wao ili limwangaze anayepigwa. Kanuni hiyo iliwafaa wakati ule, nayo imeendelea kufuatwa hata leo na watu wasiojua ilikotoka. Matokeo yake ni picha za wazee waliokunja nyuso kwa ukali wa jua, na za watu waliovaa kofia ambao macho yao hayaonekani.

Katika pwani yetu kazi hii ilikuwa kwa muda mrefu mikononi mwa mafundi wenye studio. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua hapo hapo Unguja studio yake, Capital Art Studio, ambayo kwa miaka mingi ilihifadhi katika picha maisha ya mji ule na sherehe zake. Fundi wa studio alikuwa na adabu moja tunayopaswa kuikumbuka: alimkalisha mtu, akamgeuza uso kuelekea penye mwanga mpole, akamtazama kabla ya kupiga. Kwake, hata mtu wa kawaida alistahili kutazamwa.

Mwaka 1925 ilitoka kamera ya Leica, ndogo ya kushikwa mkononi, yenye filamu ndefu ya picha nyingi. Mpiga picha akaacha kusimama mahali pamoja na miguu mitatu ya kamera yake, akaingia katikati ya watu. Vijana wa Afrika Mashariki hawakukaa nyuma. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza kupiga picha akiwa mvulana wa shule. Na mwaka 1963 alianzisha Dar es Salaam kampuni yake ya picha, Camerapix. Kazi yake ilijulikana ulimwenguni kote mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1996.

Palibaki tatizo la giza. Mafundi wa kale waliwasha unga wa magnesi, ambao ulitoa mwanga mkali, moshi mwingi, na mara nyingine hatari ya moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 zikaenea taa za mwako zilizofungiwa ndani ya kioo. Lakini taa ya mwako ina sheria yake ambayo haikubali kubembelezwa. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga hubaki robo. Mtu aliye mita mbili akipata mwanga wa kutosha, aliye mita nne hupata robo yake, aliye mita nane hupata sehemu moja ya 16, na aliye mita 40 hupata sehemu moja ya 400, yaani si kitu.

Tufikiri basi juu ya saa sita za usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika Uwanja wa Taifa mjini Dar es Salaam, bendera ya Uingereza ilipotelemka na ya Tanganyika huru ikapanda. Mtu aliyeketi mbali jukwaani, akawasha taa yake ndogo kuelekea mlingoti, hakuangaza bendera. Aliangaza visogo vya waliokaa mbele yake. Na leo hii, katika kila mkesha na kila sherehe ya usiku, twaona simu nyingi zikimweka kutoka mbali kwa namna ile ile, na visogo vile vile vikiangazwa. Aliyepata picha njema usiku ule ni yule aliyekuwa karibu, au aliyetegemea taa za uwanja na kuutuliza mkono wake.

Picha moja ya sherehe inajulikana na kila Mtanzania. Ni ile ya mwezi Aprili 1964, Mwalimu Julius Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na udongo wa Zanzibar kuwa ishara ya Muungano. Tumeitazama tena na tena, tukajiuliza kwa nini haichoshi. Twaona sababu tatu. Mpiga picha alikuwa karibu. Katika picha mna tendo moja tu, na mikono inayolitenda yaonekana. Tena, asiyejua kusoma aweza kuifahamu bila kuelezwa. Hotuba za siku ile zilikuwa na maneno mengi. Udongo uliomiminwa ulisema kwa mara moja.

Lipo jambo jingine ambalo wakulima wa Afrika hawana budi kulijua. Filamu za rangi zilizokuja kwetu katika karne ya 20 hazikutengenezwa kwa kupimwa kwenye nyuso zetu. Viwanda vya picha vilipeleka katika maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na rangi ilipomfaa yeye ilihesabiwa kuwa sahihi. Uso mweusi ulitoka kama kivuli kisicho na macho, hasa ukiwa kando ya shati jeupe. Kampuni ya Kodak ilianza kurekebisha kasoro hiyo katika miaka ya 1970 na 1980. Na miongoni mwa waliolalamika mapema walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakuridhika na jinsi bidhaa zao za rangi ya kahawia zilivyoonekana. Wanachama wetu wanaolima kakao au kahawa wasishangae kusikia kwamba zao liliwahi kupata haki kabla ya mkulima.

Kamera za leo ni bora kuliko zile, lakini tabia yao moja haijaisha. Chombo cha kupimia mwanga hakijui anayepigwa ni nani. Hukadiria tu kwamba mambo yote, yakichanganywa, huwa ya kijivu. Watu wakivaa mashati meupe na kanzu, kamera hudhani pana mwanga mwingi mno, ikapunguza, na nyuso zikazama gizani. Dawa yake ni nyepesi. Mwenye simu na aguse uso wa mtu katika kioo kabla ya kupiga, kisha aongeze mwanga kidogo. Shati likipoteza mikunjo yake si hasara. Uso ukipotea ni hasara kubwa.

Sasa twafika kwenye mambo ya kutenda siku ya sherehe. Ushirika wetu haukosi sherehe. Siku ya Ushirika imeadhimishwa ulimwenguni tangu mwaka 1923, nayo huangukia Jumamosi ya kwanza ya mwezi Julai. Kuna Nane Nane, kuna mkutano mkuu wa mwaka, kuna kufungua ghala na kuweka jiwe la msingi. Kwa siku hizo zote twashauri haya.

Kwanza, mpiga picha apewe ratiba mapema, kama apewavyo mshereheshaji. Ajue maandamano yatapita wapi na utepe utakatwa upande gani. Mahali pazuri kuliko pote ni pembeni mwa njia, pale maandamano yanapopinda. Kwa kuwa hapo mwendo hupungua, na safu hufunuka kama ukurasa, hata wa nyuma wakaonekana.

Pili, asogee. Kuvuta picha kwa vidole katika kioo cha simu si kusogea. Ni kukata kipande kidogo cha picha na kukikuza mpaka kikaharibika. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mpiga picha akichutama, bango hupanda mbinguni, na nyuso zilizo chini yake huonekana. Tungalilijua jambo hili miaka kumi iliyopita, mama yule asingalirudi nyumbani na picha ya mikono.

Tatu, autazame mwanga. Saa mbili za asubuhi na saa kumi za jioni jua huwa pole na la upande. Saa saba mchana huchimba mashimo ya giza machoni mwa watu. Kama ratiba haibadiliki, wanaotaka picha ya pamoja wapelekwe chini ya mwembe au ubavuni mwa ghala penye kivuli kilicho sawa. Wala wasisimame nusu kivulini na nusu juani.

Nne, atazame nyuma ya watu kabla ya kupiga. Nguzo ya umeme isiote kichwani mwa mwenyekiti, wala pipa la taka lisisimame kati ya wajumbe.

Tano, na hili twalitilia mkazo, kamera isielekezwe jukwaani tu. Kila picha moja ya jukwaa ilipwe kwa picha tatu za uwanjani: mama anayesikiliza hesabu ya malipo ya pili akiwa na mtoto mgongoni, karani aliyeshika daftari la mizani, mzee anayepiga kura kwa kuinua mkono. Mgeni rasmi ana wapiga picha wake wengi. Mwanachama hana mwingine ila sisi.

Baada ya sherehe huja kazi ya kuzitengeneza picha, na hapa pana mpaka. Kukata pembe zisizo na faida, kunyoosha picha iliyopinda, kuongeza mwanga usoni, kuondoa vumbi na mikwaruzo ya picha ya zamani, hayo yote ni halali. Mafundi wa chumba cha giza waliyafanya walipokuwa wakisafisha picha, na hakuna aliyedanganywa. Kuongeza mtu asiyekuwapo, au kumwondoa aliyekuwapo, si kutengeneza. Tarehe 5 Mei 1920 Lenin alihutubia askari katika uwanja mmoja wa Moscow, na picha ya siku ile yawaonyesha Trotsky na Kamenev wamesimama kwenye ngazi za jukwaa. Walipokwisha kuanguka katika siasa, picha ilichapishwa nao wakiwa wamefutwa, na ngazi zikawa tupu. Kazi ile ilihitaji fundi stadi. Leo kijana yeyote mwenye simu aweza kuifanya akisubiri chai ichemke.

Tena kuna programu za akili mnemba zinazoahidi kusafisha sura iliyokorogeka. Tahadhari. Pale ambapo kamera haikuona kitu, programu haiwezi kukumbuka, hubuni. Humpa mzee wetu pua na macho ya mtu ambaye hakuzaliwa popote. Tulishauriwa kumtengenezea mama yule uso wa mumewe kwa njia hiyo, tukakataa. Mwanachama akileta mazao yake kwenye mizani, karani huandika kilo alizoziona, wala haongezi kwa huruma. Picha nayo ni stakabadhi ya siku, na stakabadhi iliyofutwafutwa haina thamani kwa mtu yeyote.

Limebaki neno la kuhifadhi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika picha tulizokusanya, nyingi hazikuwa na jina hata moja wala tarehe, na baadhi ya walio ndani yake wamekwisha kufariki. Ushirika wa nchi hii wajua maana ya kupotelewa na kumbukumbu. Sheria ya vyama vya ushirika ilipatikana Tanganyika mwaka 1932, na chama kikuu cha wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, kikaanza mwaka 1933. Hata hivyo mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa na serikali, na ilichukua hadi sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha. Majengo na mizani huweza kukabidhiwa kwa hati. Jina la mtu aliyesimama safu ya tatu halimo katika hati yoyote, isipokuwa mtu ameliandika.

Kwa hiyo katika juma moja baada ya kila sherehe, katibu wa chama cha msingi na akae na wazee wawili na kijana mmoja, waziandike picha: jina, kijiji, tarehe, tendo. Picha ya karatasi iandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi laini, isibandikwe kwa gundi, na iwekwe mahali pakavu mbali na jua. Picha za simu zisitegemee simu, ambayo huanguka majini au huibwa. Ziwekwe nakala mahali patatu: kwenye kompyuta ya ofisi, kwenye chombo cha kuhifadhia kinachofungiwa sanduku, na kwa chama kikuu. Wala zisipokelewe kwa njia ya WhatsApp kama picha za kawaida, kwa kuwa hupunguzwa uzito na kupoteza wembamba wa sura; zinakiliwe kutoka katika simu yenyewe.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji mtu mmoja katika kila chama aliyeteuliwa na mkutano, anayejua kwamba amepewa kazi ya wanachama wote. Twapendekeza kwa heshima kwamba Bodi na vyama vya msingi walifikirie jambo hili katika mikutano ya mwaka huu.

Ukurasa unaofuata mtaikuta picha ya bango la siku ya uzinduzi. Hatukuikata wala hatukuiongeza kitu. Chini yake tumeandika jina la mwenye mikono ile, kama tulivyoelezwa na mkewe. Wengine waliokuwa nyuma ya kitambaa hatujawajua bado. Anayewajua na aje ofisini, siku yoyote ya kazi, atukumbushe. Kalamu iko tayari.